Spika Mpya: Sikio Lisiwe Hakimu wa Pekee

Bagamoyo inayotajwa katika makala haya si ule mji mashuhuri wa pwani, bali ni kata ya mji wa Tukuyu, katika Wilaya ya Rungwe, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Ni mahali penye baridi na mvua nyingi, penye migomba na chai. Kama ilivyo kwingineko nchini, kwaya, shule, nyumba za ibada na kumbi za sherehe hutumia vipaza sauti, au spika kama watu wengi wanavyoviita.

Tuchukulie kwamba shule moja ya sekondari katika kata hiyo imechanga fedha kwa muda mrefu, na hatimaye imenunua spika mbili mpya mjini Dar es Salaam. Zimesafiri zaidi ya kilomita 800, zimefungwa ukumbini, na wanafunzi wamekusanyika kuzisikiliza. Sauti inayotoka ni nyembamba na kavu. Besi, yaani ile sauti nene ya chini, haisikiki kama ilivyosikika dukani. Mwalimu anampigia muuzaji simu, naye anajibiwa kwa upole: "Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Spika ni mpya, bado ni ngumu. Zipige saa mia moja, zitalainika zenyewe."

Je, mwalimu huyo asubiri au adai haki yake? Swali hili si dogo. Ikiwa dhamana ya duka ni ya mwezi mmoja, na spika zinapigwa saa mbili tu kila Jumamosi, basi saa mia moja zitatimia baada ya karibu mwaka mzima, na wakati huo dhamana itakuwa imekwisha zamani. Ikiwa muuzaji amesema kweli, mwalimu atakuwa amegombana na mtu bure. Ikiwa hakusema kweli, fedha za wanafunzi zitakuwa zimepotea kwa sababu ya neno lisilopimwa.

Kuna kambi mbili katika ubishi huu. Ya kwanza hushikilia kwamba spika mpya haifai kuhukumiwa mpaka imepigwa kwa siku nyingi. Ya pili hucheka na kusema kwamba yote hayo ni mawazo ya msikilizaji. Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba kila kambi imeshika nusu ya ukweli, na kwamba hakuna haja ya kuendelea kubishana, madhali jambo lenyewe laweza kupimwa katika maabara ya kawaida ya shule.

Springi ndani ya spika

Spika ya koili inayocheza, ambayo ndiyo inayotumika kwa wingi hadi leo, ilielezwa na Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925. Asili ya muundo wake haijabadilika sana tangu hapo. Ndani yake mna sumaku yenye nguvu, na katika mwanya mwembamba wa sumaku hiyo mnakaa koili ya waya. Mkondo wa umeme unapopita katika koili, koili husukumwa mbele au nyuma kufuatana na mwelekeo wa mkondo. Koili imegundishwa kwenye koni, ambayo aghalabu ni ya karatasi. Koni ikienda mbele na nyuma husukuma hewa, nasi husikia sauti.

Koni hiyo sharti ishikiliwe ili isiiache njia yake, na ili irudi mahali pake kila mkondo unapokoma. Kazi hiyo hufanywa na viungo viwili. Cha kwanza ni ukingo unaoizunguka koni kwa nje, ambao hutengenezwa kwa mpira, sponji au kitambaa. Cha pili ni kitambaa cha mviringo chenye mikunjo kama mawimbi, kilichojificha nyuma ya koni na kuishika shingo ya koili. Mara nyingi kitambaa hiki ni cha pamba iliyochovywa katika resini, ambayo ni namna ya gundi, kisha kikakandamizwa kwa joto mpaka kikashika umbo lake la mikunjo.

Mwanafunzi aliyekwisha kuning'iniza mawe ya mizani kwenye springi atatambua mara moja anachokitazama. Ukingo na kitambaa ni springi. Koni na koili ni tungamo lililofungwa kwenye springi hiyo. Kama springi yoyote yenye mzigo, spika nayo ina marudio yake ya asili, yaani idadi ya mara ambazo ingetetemeka kwa sekunde moja kama ingeguswa na kuachwa. Springi ikiwa ngumu, marudio hayo huwa makubwa. Springi ikilegea, hupungua. Chini ya marudio hayo spika hutoa sauti kwa shida, na ndiyo maana habari ya besi ni habari ya springi.

Kinacholainika ni nini

Kila mwanafunzi aliyewahi kuvaa sare ya kaki iliyotiwa wanga na kupigwa pasi analijua jambo hili kwa mwili wake. Asubuhi shati ni kavu na husimama lenyewe. Kabla ya saa sita mchana viwiko vimekwisha kulegea, kwa sababu wanga uliokuwa ukizishikanisha nyuzi umevunjika palipokunjwa. Nguo haikuchakaa. Ni wanga tu ulioachia, na baada ya hapo shati hubaki karibu vilevile mpaka jioni.

Kitambaa cha spika hufanya vivyo hivyo. Kinapotoka kiwandani, resini imezigandisha nyuzi za pamba kila zinapokutana. Koni inapocheza kwa nguvu mara za kwanza, baadhi ya viungo hivyo vidogo hupata nyufa, nyuzi hupata nafasi ya kupinda, na kitambaa huwa laini kuliko kilivyokuwa.

Mpira nao una tabia yake. Katika miaka ya 1940 mtafiti Leonard Mullins alichunguza nchini Uingereza namna mpira uliochanganywa na vumbi la kaboni unavyopungua ukakamavu unapovutwa kwa mara ya kwanza. Ukivutwa tena kwa urefu uleule, hauwi mgumu kama mwanzo. Lakini ukivutwa kupita kiasi cha kwanza, hulainika tena kidogo. Ukipumzishwa, hurudisha sehemu ya ukakamavu wake. Tabia hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Kutokana na maelezo haya yatokea mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza ni kwamba mabadiliko mengi hutokea mapema, mara koni inapocheza kwa upana wake, na baada ya hapo mwendo wa mabadiliko hupungua sana. La pili ni kwamba hesabu ya saa peke yake haina maana. Spika iliyonong'ona kwa saa mia moja yaweza kuwa haijalainika kama ile iliyocheza kwa nguvu kwa muda mfupi. Mjerumani Wolfgang Klippel, ambaye ameshughulikia sana upimaji wa spika, alieleza mwaka 2011 kwamba uchakavu wa viungo hivi hufuata kazi ya kimekanika vilivyofanyiwa, wala si saa ya ukutani tu.

Yafaa pia kutaja yasiyobadilika. Nguvu ya sumaku haipungui kwa kupigwa nyimbo za majuma machache. Tungamo la koni hubaki lilelile, isipokuwa kwa unyevu inaofyonza. Idadi ya mizunguko ya koili ni ileile. Kwa sauti zilizo juu sana ya marudio ya asili, mwendo wa koni hutawaliwa na tungamo lake na nguvu ya koili, wala springi haina neno kubwa la kusema. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba sauti za filimbi na vinanda zimekuwa tamu zaidi kwa sababu kitambaa kimelainika, yampasa aeleze ni kwa njia gani.

Hesabu ndogo

Kambi ya kwanza, basi, ina haki ya kusema kwamba spika hulainika. Lakini kiasi gani? Hapa ndipo hesabu inapofaa kuliko maneno. Tuchukue spika ya kipenyo cha sentimita 20, yenye koni na koili za tungamo la gramu 20, na marudio ya asili ya hezi 60 inapokuwa mpya. Kanuni ya springi inasema:

f = (1/2π) √(k/m)

Kutokana nayo, ukakamavu wa viungo vyake, yaani k, ni karibu nyutoni 2,840 kwa mita. Tuseme imechezeshwa vizuri na marudio yamepungua hadi hezi 54. Hilo ni punguzo la asilimia 10 katika marudio, na kwa kuwa k hufuata mraba wa marudio, ukakamavu umeshuka hadi nyutoni 2,300 kwa mita, yaani karibu asilimia 19. Kwa mtu anayepima kitambaa peke yake, hilo si badiliko dogo.

Lakini hakuna asikilizaye spika tupu iliyolala mezani. Spika hufungwa katika kisanduku, na hewa iliyomo ndani ya kisanduku kilichozibwa nayo ni springi. Kwa spika hii ikiwa katika kisanduku kidogo cha lita 8, hewa huongeza ukakamavu wa takriban nyutoni 8,500 kwa mita. Springi mbili sasa hushirikiana. Spika mpya katika kisanduku itakuwa na marudio ya karibu hezi 120. Iliyolainika itakuwa na karibu hezi 117. Lile punguzo la asilimia 10 limekuwa la asilimia 2 na nusu tu, kwa sababu sehemu kubwa ya ukakamavu ni ya hewa, na hewa haichakai.

Kuna sababu nyingine ya kupunguza wasiwasi. Mhandisi wa Australia Neville Thiele, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliweka msingi wa kuieleza spika kwa vipimo vichache. Katika vipimo hivyo huonekana kwamba viungo vinapolegea, marudio ya asili hupungua, na kile kipimo kinachoeleza jinsi koili inavyouzuia mtetemo kwa umeme hupungua kwa uwiano uleule. Uwiano kati ya viwili hivyo haubadiliki, na kwa hiyo sauti inayotoka kisandukuni hubadilika kidogo kuliko ambavyo mtu angedhani kwa kukitazama kipimo kimoja peke yake.

Mlima, baridi na joto

Sasa turudi kwenye ukumbi wa Bagamoyo. Mwalimu aliisikia besi Dar es Salaam, akaikosa Tukuyu. Kati ya sehemu hizo mbili kuna tofauti ya kimo ya mita 1,500 hivi. Katika kimo hicho kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Ukakamavu wa hewa iliyomo katika kisanduku hufuata kanieneo hiyo, kwa kuwa kisanduku hakikosi mwanya mdogo ambao kwa huo hewa ya ndani na ya nje hulingana polepole. Basi zile nyutoni 8,500 zimekuwa takriban 7,100, na marudio ya spika mpya, ambayo pwani yalikuwa hezi 120, huko Tukuyu ni karibu hezi 112, kabla spika haijapigwa hata wimbo mmoja.

Kwa spika hii, kupanda mlima kumeleta badiliko kubwa maradufu kuliko kulainika kote kwa kitambaa. Na badiliko hilo linaelekea upande uleule, yaani springi imelegea. Kama ugumu wa springi ndio ungekuwa kisa cha kukosa besi, basi Tukuyu ingekuwa dawa, wala si ugonjwa.

Halijoto nayo ina sehemu yake. Mpira huwa mgumu katika baridi na laini katika joto. Asubuhi ya mwezi Julai huko Rungwe si sawa na adhuhuri ya pwani, na ukingo wa mpira huitambua tofauti hiyo. Karatasi na pamba hufyonza unyevu wa hewa, na Rungwe, ambako sehemu nyingi hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, si mahali pakavu. Wapiga ngoma wanalijua hili tangu zamani. Ngoma ya ngozi ikipata unyevu hulegea na kutoa sauti ya chini, nao huisogeza motoni ili ikaze kabla ya mchezo kuanza. Kadhalika ngozi mpya iliyowambwa jana hunyooka kidogo baada ya kupigwa, ikabidi ikazwe upya. Hakuna mpiga ngoma anayechanganya mambo hayo mawili. Anajua lipi ni la upya wa ngozi na lipi ni la hali ya hewa. Msikilizaji wa spika naye afundishwe kutenganisha hivyohivyo.

Zaidi ya hayo, kuna joto la koili yenyewe. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi. Koili ikipata joto la nyuzi 100 zaidi ya mwanzo, jambo linalowezekana kabisa katika spika inayopigwa kwa nguvu, ukinzani wa omu 6 huwa omu 8.3, na kwa volti zilezile nguvu inayoingia hupungua kwa zaidi ya robo. Kwaya iliyoimba saa mbili mfululizo husikia sauti imebadilika, na mtu akasema spika "imefunguka". Spika ikipoa, badiliko hilo hutoweka. Huko si kulainika.

Sikio nalo huzoea

Kambi ya pili nayo ina haki yake. Kumbukumbu ya sikio kwa sauti iliyosikika majuma manne yaliyopita ni dhaifu mno kupima tofauti ya hezi tatu. Katika majuma hayo manne viti vya ukumbi vimehamishwa, watu wameongezeka, nyimbo zimebadilika, na msikilizaji mwenyewe ameizoea sauti ambayo kwanza aliiona ngeni. Tena ameambiwa mapema kwamba sauti itakuwa nzuri, naye anangoja iwe nzuri.

Kuna dalili moja inayostahili kufikiriwa na kila mwanafunzi. Kitambaa kinapolegea hakijui mtu anapenda nini. Kama watu wangekuwa wanasikia badiliko la kitambaa tu, basi baadhi yao wangerudi dukani wakilalamika kwamba spika ilikuwa nzuri siku ya kwanza na sasa imeharibika kwa kulainika. Malalamiko ya namna hiyo ni adimu kusikika. Karibu kila asimuliaye habari hii husimulia kwamba spika yake iliboreka. Badiliko ambalo siku zote huelekea upande anaoutaka mnunuzi lina dalili ya kutoka ndani ya mnunuzi.

Jaribio la darasani

Ubishi huu waweza kumalizwa shuleni kwa vifaa vichache: spika mbili za aina moja, kikuza sauti kidogo, kipinzani cha omu 100, mita ya umeme inayopima volti za mkondo geu, na kifaa cha kutoa milio safi ya marudio yanayojulikana. Siku hizi hata simu ya mkononi yenye programu ya kutoa milio yatosha kwa kazi hiyo.

Spika iunganishwe na kikuza sauti kupitia kipinzani, na mita ipime volti kati ya ncha mbili za spika. Mlio uanzie hezi 20, uongezwe hatua kwa hatua hadi 200. Volti zitapanda, zifike kilele, kisha zishuke. Marudio ya kilele hicho ndiyo marudio ya asili. Ili kuujua ukakamavu, kipande cha udongo wa kufinyanga cha gramu 10 kibandikwe katikati ya koni, na kipimo kirudiwe. Ikiwa marudio ya kwanza ni f₁, na ya pili ni f₂, tungamo la koni ni gramu 10 zikigawanywa kwa (f₁/f₂)² − 1. Kwa spika ya mfano wetu, hezi 60 zitakuwa karibu 49, na jibu litakuwa gramu 20. Tungamo likijulikana, k hupatikana kwa kanuni iliyotajwa.

Baada ya kupima spika zote mbili, A na B, spika A ichezeshwe kwa mlio wa chini wenye nguvu ya wastani kwa saa kadhaa, koni ikionekana kucheza lakini isigonge. Spika B ipumzike chumba hichohicho. Kisha zote ziachwe zipoe pamoja, zipimwe tena. Siku ya pili zipimwe kwa mara ya tatu, ili ionekane kama A imerudisha sehemu ya ukakamavu wake. Mwishowe zipimwe alfajiri na adhuhuri, kipimajoto kikiwa karibu.

Kazi ya spika B ndiyo fundisho kubwa la jaribio zima. Bila B, darasa litaona A imebadilika, lakini halitajua kama ni kwa kuchezeshwa au kwa joto la chumba. Ikiwa B iliyopumzika nayo imebadilika, basi hali ya hewa inahusika. Tofauti kati ya A na B ndiyo haki ya kulainika, na ndiyo peke yake. Mwanafunzi atakayelielewa jambo hilo atakuwa amepata kitu kitakachomfaa siku atakapouziwa mbolea, mbegu au dawa kwa maneno ya "subiri utaona".

Jaribio hili halihitaji umeme wa ukutani kuunganishwa na spika, na mtu yeyote asithubutu kufanya hivyo. Ni hatari kwa maisha.

Nani athibitishe?

Msimamo unaotokana na haya yote ni mwepisi kueleza. Spika mpya hulainika kweli, hasa katika mwanzo wa kazi yake, kwa kiasi kinachopimika kwa mita na ambacho aghalabu ni kigumu kutambuliwa kwa sikio spika ikiwa kisandukuni. Baadhi ya viwanda huzichezesha spika kwanza kabla ya kuandika vipimo vyake, na huo ni utaratibu wa kupongezwa. Kwa hiyo anayesema kwamba kasoro fulani itapona kwa kulainika ndiye anayepaswa kuonyesha ni vipi. Mzigo wa kuthibitisha usiwekwe juu ya mnunuzi, wala muda wa dhamana usiliwe na ahadi.

Tena kuna kasoro ambazo haziponi kamwe. Koili inayokwaruza sumaku haitaacha kukwaruza. Koni iliyochanika haitajiunga. Spika inayotoa mlio wa kutetereka siku ya kwanza ni mbovu, si mpya, na irudishwe siku hiyohiyo. Wala mtu asijaribu kuiharakisha spika kwa kuipiga kupita uwezo wake, kwani waliosema kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka hawakuzisahau spika.

Kuhusu ile shule ya mfano wetu, kuna jambo moja ambalo mwalimu angelifanya kabla ya kupiga simu. Spika mbili zinazopigwa pamoja sharti koni zake ziende mbele kwa wakati mmoja. Nyaya za moja zikifungwa kinyume, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti nene za chini huuana hapo katikati. Sauti inayobaki ni nyembamba na kavu, kama ile iliyosikika ukumbini. Uchunguzi wake ni wa dakika moja. Betri ya tochi ya volti 1.5 iguswe kwa nukta kidogo kwenye ncha za nyaya za kila spika pale zinapotoka kwenye kikuza sauti, na itazamwe kama koni zote mbili husogea upande mmoja.

Kama zinasogea kinyume, kubadilisha nyaya mbili kutairudisha besi jioni hiyohiyo. Kungoja saa mia moja hakutairudisha, wala saa elfu. Kama zinasogea pamoja na sauti bado ni mbaya, mwalimu atakuwa na sababu nzuri ya kuzirudisha dukani, na wanafunzi wake watakuwa na karatasi yenye vipimo vya kumwonyesha muuzaji.